Naombeni ushauri: wapigaji gani waingie Jumba la Magwiji kwenye ligi yetu ya besiboli ya kompyuta?

Kishoka_Minnesota

Wakuu, habari zenu. Mimi na jamaa zangu tuliotawanyika Marekani na Kanada tunaendesha ligi ya besiboli ya kompyuta ndani ya Out of the Park Baseball. Tulianzia msimu wa 1925 na wachezaji halisi wa kihistoria, wakiwemo wale weusi ambao enzi zile walifungiwa mlango wa ligi kuu. Kila mtu ana timu yake, programu ndiyo inacheza mechi, sisi tunasajili, tunabadilishana wachezaji na kubishana. Sasa tumefika 1972, na kamishna ni mimi.

Kinachonikosesha usingizi ni Jumba la Magwiji. Tulijiwekea kwamba mpigaji akifikisha hiti 3,000 (mipigo inayomfikisha besi salama), au homrani 500 (mipigo inayomzungusha besi zote, kwa kawaida mpira ukitoka nje ya uwanja), au akistaafu na wastani wa .320, yaani hiti 320 kwa kila majaribio 1,000 ya kupiga, anaingia moja kwa moja. Matokeo yake jumba limefurika watu wa miaka ya 1930, na wa miaka ya 1960 hawaonekani. Watu wanalalamika, na wana haki.

Mezani kuna watatu. Wa kwanza ni mtu wa miaka ya 1930, wastani wake .325, ila hajawahi kuongoza ligi kwa chochote. Wa pili kacheza miaka ya 1960, wastani .278, lakini mara nne ameongoza ligi kwa kiwango cha kufika besi. Wa tatu goti lilimtupa nje baada ya misimu tisa, na katikati ya hiyo tisa hakuna mrushaji aliyemuweza.

Kwa sheria yetu anaingia wa kwanza peke yake. Moyo unakataa. Nifanyeje?

BintiKilwa

Kaka Kishoka, moyo wako uko sahihi. Tazama ilivyokuwa kweli. Mwaka 1930 National League nzima, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu (nyingine ni American League), ukichanganya wazuri na wabovu, ilipiga .303. Philadelphia Phillies walipiga .315 kama timu, na wakashika mkia! Maana yake .315 mwaka ule haikuwa na ajabu yoyote.

Sasa njoo 1968. Carl Yastrzemski wa Boston alichukua ubingwa wa kupiga wa American League kwa .301, na hakuna mwingine kwenye ligi ile aliyefika .300. Upande wa pili mrushaji Bob Gibson wa St. Louis alimaliza msimu akiruhusu wastani wa pointi 1.12 tu kwa mechi. Warushaji walitawala mpaka wakubwa wakaingilia kati: msimu wa 1969 kilima cha mrushaji kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10, na eneo la straiki, pale mpira unapopaswa kupita mbele ya mpigaji, likapunguzwa.

Kumlinganisha mtu wa 1930 na wa 1968 kwa wastani mtupu ni sawa na kulinganisha mshahara wa 1985 na wa leo kwa kuhesabu shilingi. Programu yenu inafuata hali ya kila mwaka wa kihistoria, kwa hiyo mafuriko ya 1930 na ukame wa 1968 vyote vimeingia kwenye takwimu zenu. Tumia OPS+. Huyo wa pili nina hakika atampita wa kwanza kwa mbali.

Mzee_wa_Tabata

Binti, OPS+ ndiyo nini? Mimi besiboli nimeijulia kwa vijana wa Azania pale Dar, hizo hesabu bado.

BintiKilwa

Shikamoo mzee. Unachukua kiwango cha mpigaji kufika besi, kwa hiti au kwa kupewa besi ya bure, unajumlisha na kiwango cha nguvu ya mipigo yake. Kisha unapima jibu dhidi ya ligi ya mwaka huo na viwanja alivyochezea. Mia moja ni mpigaji wa kawaida. Ted Williams ana 191 kwa maisha yake yote ya mchezo, Babe Ruth 206.

Mzee_wa_Tabata

Marahaba. Hapo nimekuelewa.

Nyundo_Denver

Naongezea hilo la viwanja. Hapa Denver tuko juu sana, hewa nyepesi, mpira unaruka kuliko kwingine. Larry Walker, mpigaji aliyechezea timu yetu ya Colorado Rockies, aliteseka kwa ajili hiyo kwenye kura za Jumba la Magwiji halisi: kila akitajwa, watu wanasema ni uwanja tu. Alianza na asilimia 20.3 ya kura mwaka 2011, 2014 akaporomoka hadi 10.2, akaja kuingia 2020 kwa 76.6, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho kupigiwa kura. Kamishna, angalia huyo wa kwanza wako nyumbani kwake ni uwanja gani. Kama ni mdogo, hiyo .325 inazidi kupungua uzito.

Simba_wa_Toronto

Samahanini, mimi napinga kidogo. Msidharau idadi. Hank Aaron hakuwahi kufikisha homrani 50 kwa msimu mmoja, msimu wake wa juu kabisa ni 47, lakini alimaliza na 755. Ukizifuta zote 755 bado anabaki na hiti zaidi ya 3,000. Kusimama pale mwaka baada ya mwaka ni kazi, na hiti 3,000 ni jasho. Mkitupa vigezo vya idadi mtakuwa mnawaadhibu wavumilivu.

BintiKilwa

Simba, Aaron anaingia kwa kipimo chochote utakachokishika. Taabu ni kufanya idadi iwe mlango. Josh Gibson misimu yake ya ligi za weusi ilikuwa mifupi, mechi chache, na alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajawafungulia weusi mlango wa ligi kuu akiwa na timu ya Brooklyn. Kwa kuhesabu homrani 500 za ligi kuu angebaki nje. Ila tangu 2024 kumbukumbu rasmi za ligi kuu, ambazo sasa zinahesabu na ligi za weusi, zinamweka juu ya Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza, kwa wastani: .372 dhidi ya .367. Cooperstown, yaani Jumba la Magwiji halisi, walimwingiza 1972, mwaka huohuo mliofika ninyi.

Na kwenye ligi ya kompyuta idadi inadanganya zaidi. Ted Williams halisi alipoteza misimu mitatu mizima, 1943 hadi 1945, na sehemu kubwa ya 1952 na 1953, akiwa jeshini. Kama kwenu hakwenda vitani, mtu wa namna hiyo atavuka mistari yenu yote bila kuwa bora kuliko alivyokuwa.

Nyundo_Denver

Huyu wa tatu ndiye mgumu. Cooperstown wanataka misimu 10. Walilegeza kwa Addie Joss, mrushaji aliyefariki 1911 akiwa na misimu tisa, akaingizwa 1978, lakini yule alikufa, hakuumia. Kirby Puckett wa huko kwako Minnesota macho yalimkatisha akiwa na misimu 12, akaingia 2001 mara ya kwanza tu alipopigiwa kura. Ralph Kiner alicheza 10 kamili, akaongoza National League kwa homrani miaka saba mfululizo, na bado alisubiri mpaka 1975, akapita kwa kura moja.

Simba_wa_Toronto

Kwa huyo mimi nampa ndiyo. Na kanuni ya misimu 10 kwenye ligi yenu nani aliiweka?

Kishoka_Minnesota

Hatukuiweka, Simba, kwetu haipo.

Wakuu nashukuru sana. Leo nimekaa na takwimu: wa kwanza OPS+ yake ni 109, na uwanja wake ni mdogo upande wa kulia, anakopigia. Wa pili ana 143. Kwa hiyo naondoa kuingia moja kwa moja, tunapiga kura wenye timu wote, asilimia 75 kama Cooperstown, na kwenye karatasi ya kura OPS+ inatangulia, hiti na homrani zinafuata chini. Walioingia hatuwatoi. Wa tatu nampigia ndiyo, na nitawaandikia wenzangu sababu kabla ya kura.

BintiKilwa

Vizuri kaka. Zima kwanza ile sehemu ya kuingiza wachezaji yenyewe kwenye mipangilio ya ligi, kabla hujausogeza msimu kwenda 1973. Ukiusogeza ikiwa imewashwa, wa kwanza anaingia usiku huohuo.