Wauza diskasi wa Kampala, acheni kutuuzia samaki waliodumaa kwa jina la "vifaranga"

Wadau, leo sijaleta picha za tangi. Nimekuja na hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kuniambia nipoe.

Duka moja hapa Kampala (jina silitaji, sheria za jukwaa mnazijua) limeniuzia kundi la diskasi, samaki wa mapambo wa Amazon, na kuniapia kwamba ni vifaranga wa miezi mitatu. Muuzaji alisimama mbele ya tangi akaniambia, "Nyabo, hawa bado wachanga kabisa, wape muda tu utaona wanavyopanuka." Nikalipa pesa ambayo kwa mtu wa kawaida ni kodi ya nyumba. Muda nimewapa. Chakula mara tano kwa siku nimewapa, maji mapya kila siku, joto nyuzi 29 hadi 30 usiku na mchana. Wanakula, tena kwa pupa. Lakini mwili umegoma palepale, sentimita 6 hivi, huku macho yakizidi kutoka. Aliyewahi kulea diskasi ameshajua nilichouziwa.

Hao si vifaranga. Ni samaki waliodumaa, wengine naamini wamepita mwaka, na diskasi akishadumaa harudi. Hakuna vitamini, hakuna dawa wala maji ya aina yoyote yatakayomrudishia miezi aliyonyimwa. Aliyelelewa vizuri hufika sentimita 15 hadi 20 akikomaa, na sehemu kubwa ya ukuaji huo huupata ndani ya mwaka wa kwanza. Ukimbana katika kipindi hicho, mwili unasimama lakini jicho linaendelea kukua. Ndiyo maana unaona jicho kubwa kwenye kichwa kidogo, na badala ya mwili wa mviringo kama sahani unapata mwili mrefu uliobanwa juu na chini. Msiangalie rangi kwanza. Angalieni jicho.

Ngoja nieleze inavyotokea, maana wengi wanadhani ni bahati mbaya. Mzigo unafika kutoka ng'ambo, mara nyingi Thailand au Malaysia, na samaki wanakuwa wadogo kweli na wenye afya. Wanaonunuliwa mwanzoni wana bahati yao. Wanaobaki wanasukumwa kwenye tangi lililojaa, wanalishwa mara moja kwa siku, siku nyingine hawapewi kitu, ili maji yasichafuke haraka na mtu wa duka asihangaike kubeba ndoo. Miezi inapita hivyo. Diskasi hafi upesi kwa njaa ya namna hiyo, kwa hiyo mwenye duka haoni hasara. Mteja akiingia na kuuliza umri, anatajiwa umri waliokuwa nao siku ya kushuka uwanja wa ndege Entebbe. Huo ni uongo wa makusudi, na unamwibia mtu pesa na miezi ya kazi.

Na msiniambie hawajui. Hii ni Uganda! Kila mwenye bwawa katika nchi hii anajua kudumaa ni nini. Ngege (tilapia) wakiachwa wazaane ovyo kwenye bwawa dogo, unavua samaki wa kiganja ambao tayari wana mayai mdomoni, na bwawa zima halina wa kupeleka sokoni. Mfugaji anayenunua vifaranga Kajjansi, kwenye kituo cha ufugaji samaki, anauliza umri, anauliza uzito, anauliza wazazi wao ni wepi, na hakuna anayemwona msumbufu. Sasa diskasi ni wa ukoo mmoja na ngege, ukoo mmoja na nkejje, vile visamaki vyetu vya Ziwa Victoria, wote ni siklidi. Iweje kwa samaki wa bei kubwa kuliko wote dukani, swali la umri lijibiwe kwa kukunjiwa uso?

Nilirudi dukani. Nikaonyesha video, nikaonyesha vipimo. Jibu nililopewa ndilo lililonichemsha damu: "Shida ni maji ya Kampala, nyabo. Hawa ni samaki wa Amazon, maji yetu yanawadumaza."

Hebu tuliseme hili waziwazi, kwa sababu nimelisikia mara nyingi na watu wazima wanalirudia humu. Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria, yanasafishwa Ggaba na siku hizi Katosi pia. Ziwa lile lina maji laini, yaani yenye madini machache. Ukipima chumvichumvi zake kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, unapata karibu maikrosimensi 100, wakati Ziwa Tanganyika linapita 600. Kuna wafugaji wa Ulaya wanaonunua mashine za kuchuja madini ili wapate maji laini, sisi yanatufikia jikoni. Halafu diskasi wa dukani si wa porini. Wamezalishwa vizazi na vizazi mashambani, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 7 au juu kidogo haiwasumbui ikiwa haiyumbi. Wa Rio Negro, mto wa maji meusi ambao pH yake hushuka chini ya 5, hao ni habari nyingine, na sijamwona mtu akiwauza hapa mjini. Kwa hiyo maji ya Kampala muyaache.

Kitu kibaya kwenye bomba letu ni klorini tu, ambayo ipo kwa ajili ya usalama wetu sisi tunaokunywa. Klorini haidumazi. Inaunguza matamvua, ikizidi inaua. Jaza pipa, weka pampu ya hewa itoe mapovu humo siku nzima, au tumia thiosulfati, dawa ya kuondoa klorini, yamekwisha. Dakika mbili zinatosha kumweleza mteja. Mimi nilikuwa najua, lakini hakuna aliyenieleza pale, na hakuna niliyemsikia akielezwa.

Na hapo niseme jambo lililonikera kuliko hata samaki wangu. Nikiwa bado nabishana, aliingia kijana mdogo, wa sekondari kwa kumtazama, na akiba yake mkononi. Anataka diskasi wawili. Ana tangi la lita 40. Akauliza kama anahitaji hita, akaambiwa hapana, hapa Afrika kuna joto. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari! Usiku inashuka hadi nyuzi 17 au 18, na maji ya tangi yanafuata hewa ya chumba. Diskasi mchanga anataka 29, anataka 30. Akiwa kwenye nyuzi 22 anaacha kula, anakuwa mweusi, anajificha kona, na vimelea vya tumboni vinampanda. Na wawili kwenye tangi dogo, mmoja atampiga mwenzake mpaka afe, maana hawa ni samaki wa kundi, watano sita kwenda juu ili ukorofi ugawanyike. Nilimvuta yule kijana pembeni nikamwambia, mwanangu, usinunue leo. Muuzaji akaniambia namharibia biashara. Ndiyo, hiyo nitaiharibu kila nikiikuta.

Kuna hatari nyingine wasiyoitaja kamwe. Amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, kwenye maji ya joto yenye pH ya juu si amonia ileile ya kwenye maji ya baridi. Kwenye nyuzi 30 na pH 8, sehemu iliyo sumu inazidi mara kumi ile ya kwenye nyuzi 24 na pH 7. Mtu anapewa samaki wanaohitaji joto, wanaohitaji kula mara nne hadi sita kwa siku, chakula kizito cha moyo wa ng'ombe, halafu anauziwa filta mpya kavu na kuambiwa aweke samaki jioni hiyohiyo. Bakteria wa kuigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wanachukua wiki nne, sita, hata nane kujijenga. Samaki wa mteja anakufa ndani ya wiki ya kwanza, mteja anarudi, anauziwa wengine. Biashara inazunguka kwa maiti.

Kwa magonjwa ni hivyohivyo. Ukisema samaki anatoa kinyesi cheupe chembamba, jibu ni chumvi ya mawe na Flagyl. Ukisema anahema kwa shavu moja huku la pili limefungwa, jibu ni chumvi ya mawe na Flagyl. Metronidazoli, ndiyo hiyo Flagyl, ni dawa nzuri kwa vimelea vya tumboni, sikatai. Lakini shavu moja kufungwa mara nyingi ni minyoo ya matamvua, na hiyo inataka prazikwanteli, metronidazoli haiigusi. Na kwa nini wafike kwangu wanaumwa? Kwa sababu samaki wa mashamba mawili tofauti wanamwagwa tangi moja siku ileile ya kufika. Duniani kote wafugaji wa diskasi wanajua hilo linazaa nini: tangi zima linageuka jeusi, ute unawabanduka, wote wanakumbatiana kona moja. Karantini ya wiki nne hadi sita haina mbadala, na duka linalojiita la wataalamu halina hata tangi moja tupu la kuifanyia.

Rangi nayo. Diskasi wa sentimita 5 wa aina ya turkwazi (buluu-kijani) hapaswi kuwa amekolea kama mzazi wake. Wapo wa aina nyingine wanaoonyesha rangi mapema, lakini mtoto wa turkwazi aliyewaka buluu tupu mwili mzima, uliza amelishwa nini. Homoni zinatumika katika biashara hii, si siri, na samaki huyo rangi itapauka akishakula chakula cha kawaida, na kuzaa huenda asizae. Wa hapa wanaongezea taa nyekundu juu ya tangi. Mwambie azime taa na afungue mlango, mwanga wa jua uingie, umwone samaki mwenyewe.

Kwa wachache mnaojaribu kuzalisha hapahapa, nawaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mkifanikiwa tutaacha kutegemea mzigo wa ndege. Lakini naona matangazo ya vifaranga walionyang'anywa wazazi mapema mno ili jozi itage tena. Diskasi wachanga hula ute wa ngozi ya wazazi, dume na jike wote wawili. Mwaka 2010 watafiti wa Plymouth, Uingereza, walionyesha kwamba ute huo hubeba protini na kingamwili, na kwamba wazazi wenyewe huanza kuwaachisha kuelekea wiki ya tatu na ya nne. Waacheni wanyonye wamalize. Kudumaa kunaweza kuanzia hapo, kabla samaki hajafika dukani.

Sasa kuna ndugu kwenye kundi letu la WhatsApp amenishauri niwauze hawa wangu kama vifaranga nirudishe pesa. Sitafanya hivyo. Ni yuleyule muuzaji aliyeniumiza ndiye ninayeambiwa nimwige. Diskasi anaweza kuishi miaka kumi na zaidi, na hawa wataishi kwangu, na maji yao nitaendelea kubadilisha nusu kila siku, na umeme ukikatika nitaendelea kufunga blanketi kwenye tangi na kuwasha pampu ya betri. Hawakuchagua kulelewa vile. Tangi limejaa sasa, na ndiyo maana itabidi nitafute jingine kabla ya kuanza upya, gharama nyingine juu ya gharama.

Ninachomtaka mwenye duka, na najua anasoma humu maana amewahi kutangaza humu, ni kurudisha pesa yangu. Sitaki "vifaranga" wengine wa kufidia. Na aandike umri kwenye kila tangi, tarehe ya mzigo kufika na ukubwa waliofika nao, kwa kalamu ya wino usiofutika.

Na wewe mwenye diskasi wadogo wa kweli, uwe Entebbe, Mukono, Jinja, hata Mbarara, mimi bado ni mnunuzi. Niandikie hapahapa, watu waone. Weka tarehe walipoanguliwa. Weka video wakila, chini ya mwanga wa kawaida, samaki akiwa amegeuka upande ili jicho na mwili vionekane pamoja. Nitakuja kuwaona mwenyewe, nitasimama mbele ya tangi mpaka nione kinyesi chao, na nikiridhika nitalipa bei yako bila kuomba punguzo.