Taa za breki za gari la umeme hazizimiki hata nikilifunga: nianzie wapi?

Mwuliza
Habari wakuu. Gari ni la umeme, dogo, limetoka Japani, la 2014. Tangu jana taa zote tatu za breki zinawaka muda wote, hata nikilizima na kulifunga. Sasa linaingia READY (yaani tayari kuondoka) bila kukanyaga breki, na kruzi, ile ya kushikilia mwendo, haishiki kabisa. Asubuhi betri ndogo ya volti 12 ilisoma volti 11.4. Kwenye dashibodi hakuna onyo lolote. Chini ya pedali nimeokota vipande vya plastiki, ukivibonyeza kwa kidole vinasagika kama biskuti. Je, ni ule mfumo wa kurudisha umeme kwenye betri wakati wa kupunguza mwendo? Nilipeleke likapimwe kwa kompyuta?

Fundi umeme
Mkuu, usilipe kompyuta bado. Hivyo vipande ulivyookota ndilo jibu. Kwenye mkono wa pedali kuna tundu lenye kipira, na hicho kipira ndicho kinachobonyeza pini ya swichi ya breki pedali ikiwa imepumzika. Pini ikibonyezwa taa zinazima, ikiachiwa zinawaka. Kipira kikizeeka kwa joto kinapasuka, pini inapenya kwenye tundu, na gari linaamini umekanyaga breki. Ndiyo maana linaingia READY lenyewe na kruzi inakataa. Hili si la magari ya umeme peke yake, ya petroli yanaugua vilevile.

Uhakikishe hivi: ingiza kichwa chini ya usukani na tochi, fuata mkono wa pedali hadi juu, utaona swichi yenye plagi. Bonyeza pini kwa kidole huku mtu akiangalia nyuma. Taa zikizima, swichi ni nzima na kilichokufa ni kipira. Pima kipenyo cha tundu kabla ya kwenda dukani, maana vipira vinafanana kwa macho lakini havilingani. Kukiweka, kiloweke dakika chache kwenye maji ya moto kilainike, sukuma pedali chini upate nafasi, kisha kisukumize kwa koleo hadi kikamate pande zote mbili za tundu.

Waya za rangi ya machungwa, zile za umeme mkubwa, hazihusiki hapa, usiziguse. Plagi za njano ni za eabegi (mifuko ya hewa), nazo ziache.

Mdau wa betri
Hiyo 11.4 isipuuzwe. Taa za balbu ni wati 21 kila moja. Mbili ni wati 42, yaani ampea 3.5 hivi kwa volti 12. Zikiwaka usiku kucha kwa muda wa saa 12 zinakula ampea-saa 42 (42 Ah), na betri ndogo nyingi hazina zaidi ya hapo. Za LED zinakula kidogo, ila zikikesha siku kadhaa mwisho ni uleule. Betri kubwa kujaa hakukusaidii: kwa kawaida inaijaza ndogo gari likiwa READY au likiwa kwenye chaja. Ndogo ikifa, gari haliwaki.

Kwa leo, ukiegesha, zima, funga milango, subiri dakika tano kompyuta zilale, kisha vua kichwa cha hasi cha betri ndogo kwa spana namba 10. Usichomoe fyuzi ya taa za breki ukaendesha hivyo. Anayekufuata hatajua umesimama, na kwenye magari mengi saketi hiyo inapeleka taarifa kwa ABS pia, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki.

Fundi umeme
Niongezee kuhusu kurudisha umeme. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H inasema taa za breki lazima ziwake mwendo ukipungua kwa zaidi ya 1.3 m/s² unapoachia mafuta tu, na zisiwake ukipungua kwa 0.7 au chini. Katikati ni hiari ya mtengenezaji. Kwa hiyo kwenye gari lenye e-Pedal (pedali moja ya kwenda na kusimama), mfano Nissan Leaf ya kizazi cha pili, taa kuwaka hujakanyaga breki ni sawa kabisa. Lakini hiyo ni gari likiwa READY. Limezimwa, limefungwa, na bado zinawaka? Hapo tafuta swichi au waya.

Na kama pini imebonyezwa na taa bado zinawaka, chomoa plagi ya swichi. Zikizima, swichi imeungua ndani, badilisha. Zisipozima, umeme unaingia kwa njia nyingine: kwanza kagua alamu na taa za nyongeza zilizofungwa mitaani, halafu waya zinazopita kwenye bawaba za mlango wa nyuma, maana hapo hukatika na kugusana, na mwisho rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyoganda.

Mwuliza
Nimebonyeza pini, zimezima zote. Kipira ninacho. Swichi niisogeze, au niiache ilivyo?

Fundi umeme
Ukikuta kipira kimekaa sawa na taa zimezima, iache. Ila kama aliyekutangulia aliisogeza, izungushe itoke kwenye kufuli yake, isukume hadi iguse kipira, kisha irudishe kwenye kufuli. Kati ya mwili wa swichi na kipira ibaki milimita 1 hivi. Ikiwa mbali, taa zitawaka ukipita kwenye matuta. Ikibana mno, pedali hairudi hadi mwisho wake, na kwenye breki zinazosoma mwendo wa pedali kwa sensa utapata taa ya onyo ambayo hukuwa nayo.

Kuziba tundu kwa sarafu na gundi usithubutu: ikidondoka inaweza kukwama chini ya pedali. Ukikosa kipira, bolti fupi ya M6 yenye washa mbili na nati ya kujifunga itakuvusha siku chache, kichwa kikiangalia pini. Ukimaliza, jaribu kuingia READY bila kukanyaga. Likikataa, umepona. Kisha rudi nyuma usiku kuelekea ukutani na uangalie wekundu unavyokuja na kuondoka na mguu wako.