Je, bunduki ya Baker inasifiwa kuliko inavyostahili?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Vikitajwa vita vya Napoleon hamkosi kusikia habari za wale jamaa wa sare za kijani, Rejimenti ya 95 ya Uingereza, kwamba bunduki yao, hiyo Baker, ndiyo iliyowatesa Wafaransa huko Ureno na Hispania. Napinga. Kilichowatesa ni mafunzo; bunduki ilikuwa nyongeza.

Tuanze na silaha yenyewe. Mtutu wa Baker ulikuwa na michirizi saba ndani, ya kuizungusha risasi ili itoke imenyooka. Aliyeijua vizuri aliweza kumpata mtu aliyemlenga kwa umbali ambao mwenye gobori, yaani bunduki ya mtutu laini usio na michirizi, alikuwa anabahatisha tu. Sawa. Lakini ili risasi ishike michirizi ilibidi ivikwe kipande cha ngozi kilichopakwa mafuta, kisha ishindiliwe kwa nguvu. Mwanzoni askari walipewa hadi nyundo ndogo za mbao. Mwenye Baker akifyatua mara 2 kwa dakika, mwenye gobori keshafyatua 3. Napoleon aliachana na bunduki za aina hiyo mwaka 1807, na askari wake wepesi, wale wa kutangulia mbele ya jeshi, wakaendelea kusumbua watu kwa magobori yao.

Halafu itazameni Divisheni Nyepesi ya Jenerali Craufurd wa Uingereza. Pamoja na 95 zilikuwamo rejimenti za 43 na 52, zenye magobori, na kazi yao ni ile ile: kutangulia mbele, kulinda kambi, kulifunika jeshi linaporudi nyuma. Hawa walipikwa chungu kimoja pale kambi ya Shorncliffe, Uingereza, chini ya Jenerali Sir John Moore. Walipigana wawili wawili, mmoja akifyatua mwenzake ameshajaza, na kila mtu alijitafutia kificho na kutumia akili yake, wakati askari wa kawaida alitakiwa asimame mstarini asubiri amri.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mbona maafisa wa Kifaransa waliodunguliwa umewaruka? Tom Plunkett wa 95 alimdungua Jenerali Colbert wa Ufaransa pale Cacabelos, Hispania, 3 Januari 1809. Na mwaka 1813 Marshal Soult wa Ufaransa alimwandikia waziri wake wa vita akilalamika jinsi maafisa wake walivyokuwa wakimalizwa na watu wa Rejimenti ya 60 ya Uingereza, nao walibeba bunduki hizo hizo. Hayo mafunzo yako bila mtutu wa kufika mbali yangempata nani?

Mleta mada: Soult alikuwa ametoka kuchapwa kwenye milima ya Pyrenees, na jenerali aliyechapwa hakosi cha kusingizia. Ila hoja ya maafisa nakupa nusu. Nusu nyingine uijibie hapa: Waterloo, 18 Juni 1815, shamba la La Haye Sainte. Meja Baring na Wajerumani wake takriban 400, waliokuwa chini ya jeshi la Uingereza, walilishikilia kutwa nzima kwa bunduki za Baker. Risasi zikaanza kuisha. Akatuma watu mara kadhaa kuomba nyingine, hazikuja. Za magobori zilikuwa tele jeshini, lakini ni nene, haziingii kwenye mtutu wa Baker. Shamba likaanguka jioni, na Baring akatoka na watu 42. Wangekuwa na magobori, jirani yeyote angewagawia risasi.

Mchangiaji wa pili: Hilo ni kosa la wagawaji, mkuu, unamsingizia Baker bure. Kwani na magobori yakiishiwa hayanyamazi? Na usiikwepe Tarbes, kusini mwa Ufaransa: 20 Machi 1814 batalioni tatu za 95 zilipanda kilima na kuwafurusha Wafaransa waliokuwa juu.

Mleta mada: Tarbes naikubali, ndiyo mfano wenu mzuri kuliko wote. Ila walikuwa ni wale wale wa Shorncliffe. Nileteeni mahali ambapo askari wasiofunzwa namna hiyo walikabidhiwa Baker na wakafanya maajabu, nami nitafuta uzi huu leo leo.