Yamaha 15 ya kitambo, silinda ya juu imekufa lakini ya chini iko sawa. Nianzie wapi kabla ya riboa (kukata silinda iwe pana kidogo)?

kijana_wa_umoja
Habari zenu wadau. Niko na injini ya boti ya mjomba, Yamaha 15 tustroki ya silinda mbili, ya kitambo sana, imefanya kazi Naivasha miaka mingi kubeba watu wa kuona viboko na saa hii iko kwangu hapa Umoja nimeifunga kwa stendi ya mbao nyuma ya nyumba. Vile mjomba anasema, ilikuwa inaenda na mkono wa mafuta umefunguliwa wote, ikaanza kupoteza nguvu polepole, ikalia kama chuma kinakwaruzwa halafu ikazima. Ilipopoa ikawaka tena lakini na silinda moja, inatetemeka mbaya.

Nimepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) na geji ya kuazima, silinda ya chini inasoma psi 95, ya juu inasoma 40. Plagi ya chini ni ya kahawia vile inafaa, ya juu ni nyeupe kama chaki na ukiiangalia kwa mwanga kuna vitone vidogo vinang'aa vimeshika kwa ile pua ya kauri. Maji yalikuwa yanatoka, injini ilikuwa inakojoa vizuri mpaka dakika ya mwisho, mjomba ana uhakika na hilo.

Fundi mmoja huko ziwani anasema nimletee tu ringi mpya, apige silinda msasa, afunge, boti irudi kazini wikendi. Hiyo injini ndiyo inalipia binamu zangu karo so sitaki ifungwe halafu ife tena. Nyinyi mngeanzia wapi?

Otis_KE
Mkuu hiyo 95 isikutishe. Nairobi tuko juu ya mita 1,600 na Naivasha iko karibu 1,900, hewa ni nyepesi kwa hivyo geji itasoma chini kuliko mtu anayepima Mombasa, hata injini ikiwa mpya. Angalia tofauti ya silinda mbili, hiyo ndiyo inaongea, na 95 kwa 40 tayari umejua.

Mimi nashuku kabureta. Watu wa Naivasha wanapenda kuweka jeti (katundu ka kupimia petroli kwa kabureta) ndogo kwa sababu ya huo mwinuko ndio isinywe mafuta sana, sasa jeti ikishika uchafu kidogo petroli inakuwa haba, pistoni inachomeka. Vitone unavyoona kwa plagi ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka.

fundi_wa_maji
Otis uko sawa kwa mwinuko na uko sawa kwa vitone, lakini kwa kabureta nakukatalia, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa.

Hiyo 15 iko na kabureta moja inalisha silinda zote mbili. Jeti ikiziba, ama mafuta yakiwa na maji, ama mtu akisahau kuchanganya oili, silinda zote mbili zinaumia, pengine moja itatangulia lakini hautapata plagi moja nyeupe chaki na nyingine ya kahawia safi. Ukiona moja imekauka na jirani yake anakula vizuri, tafuta kitu ambacho ni cha hiyo silinda peke yake. Kwa tustroki chumba cha krenki cha kila silinda, kile kiko nyuma ya pistoni, kimezibwa kivyake, kwa sababu pistoni ikishuka ndiyo inasukuma mchanganyiko upande juu. Kwa hivyo hewa ikipata njia ya kuingia kwa chumba kimoja, silinda hiyo tu ndiyo itapata hewa nyingi mafuta kidogo, na ikipata mafuta kidogo imepata oili kidogo pia, kwa sababu oili inakuja ndani ya petroli. Joto linapanda, oili hakuna, pistoni inashika.

Na silinda ya juu kwa hii injini imepakana na sili ya juu ya krenki, ule mpira wa kuzuia hewa unaokaa chini ya flaiwili (gurudumu zito la juu ya injini). Muulize mjomba swali moja: kabla ife, ukirudisha mkono wa mafuta chini mlio ulikuwa unashuka mara moja ama ulikuwa unabaki juu kidogo unazunguka wenyewe? Halafu toa flaiwili, na tafadhali tumia pula (kifaa cha kuivuta itoke), usipige nyundo, sumaku zilizogundishwa ndani zinapasuka na utakuwa umejiletea shida ya cheche za plagi pia. Angalia pale chini ya koili kama kuna oili imetapakaa.

Usisahau kufungua hedi (kifuniko cha silinda) uangalie pistoni yenyewe. Ikiwa imekwaruzwa upande wa ekzosi peke yake, hiyo ni joto la mafuta haba. Ikiwa imekwaruzwa pande zote mpaka upande wa kuingiza, hapo ungeanza kufikiria oili haikuwepo. Ikiwa ni alama nne kwenye pembe nne, pistoni ilivimba haraka kuliko silinda, mara nyingi injini ilipelekwa mbio kabla ipate joto ama maji hayakufika. Pia kagua njia za maji kwenye bloku, ziwa letu lina matope na magugu, na injini inaweza kukojoa vizuri huku upande wa juu umejaa udongo mgumu.

kijana_wa_umoja
Fundi asante sana, nimefungua jana jioni. Nimempigia mjomba, anasema ni kweli, kwa muda mrefu ilikuwa ukitoa mkono haitulii, inabaki inalia juu kisha inashuka yenyewe, walikuwa wanafikiri ni kebo ya mafuta.

Chini ya flaiwili kumejaa uchafu mweusi wa oili na vumbi, koili zote zimepakwa. Nimeusafisha na petroli nikaangalia sili, mdomo wake wa mpira umekuwa mgumu kama plastiki, ukibonyeza na ukucha haurudi, na upande mmoja kuna ufa. Pistoni ya juu imekwaruzwa upande wa ekzosi tu, ringi imeshikwa na alumini haichezi kabisa. Silinda ina mistari ya fedha lakini ukipitisha ukucha unahisi mingine ni alumini imeganda, mingine ni mkwaruzo wa kweli. Njia za maji ziko safi isipokuwa pembe moja.

Sasa swali, nipeleke riboa kwa mafundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, ama naweza kuokoa hiyo silinda?

mama_spea
Kabla ya kuokoa chochote shika krenki utikise kushoto kulia. Kama beringi ya juu imeisha, krenki inacheza na itakula sili mpya upesi sana. Na ukigawanya krenkikesi badilisha sili zote, ya juu na za chini, bei yake ukilinganisha na pistoni si kitu. Osha krenki na petroli safi mara nyingi, zungusha kila beringi kwa kidole, alumini ya pistoni hushuka huko chini na ukisikia hata chembe moja inakwaruza usiifunge.

Kuhusu silinda, alumini inatoka na asidi ya kuoshea vigae, unapaka na pamba kwa sliivu (ukuta wa ndani wa silinda) ya chuma peke yake, inatoa mapovu mpaka alumini iishe, halafu unaosha na maji mengi. Vaa glavu, kaa nje, na usiache iguse bloku kwa sababu bloku yenyewe ni alumini, italiwa vilevile. Ikibaki mikwaruzo ambayo ukucha unashika, ni riboa, msasa haukusaidii.

Ukienda riboa, nunua pistoni KWANZA. Saizi ya kawaida ni milimita 56, ovasaizi zake ni robo milimita na nusu milimita. Mpe fundi wa mashine pistoni mkononi aipime na maikromita na akate silinda kufuata hiyo pistoni na nafasi ya kati ya pistoni na ukuta iliyoandikwa kwa kitabu cha huduma. Silinda zote mbili zikatwe zilingane.

Na hili niliandike kwa herufi kubwa: MWAMBIE ALAINISHE KINGO ZA MADIRISHA YA SILINDA, yale matundu ya ukutani ya kupitisha mchanganyiko na moshi. Hao mafundi wa town wako vizuri sana lakini siku nzima wanakata bloku za magari ya matatu ambazo hazina madirisha ukutani. Yakiachwa na makali, ringi inachomoza kidogo kila ikipita hapo, inashikwa, inavunjika. Pitisha kidole mwenyewe kabla uondoke dukani.

kijana_wa_umoja
Krenki haichezi, nashukuru Mungu. Asidi imetoa nusu ya mistari, iliyobaki ukucha unashika so nimeagiza pistoni za robo. Kitu kingine cha kuangalia wakati wa kufunga?

fundi_wa_maji
Pistoni ina alama ya UP, hiyo inaangalia flaiwili. Kila mfereji wa ringi una pini ndogo, mdomo wa ringi ukae juu ya pini kabla uingize kwa silinda. Vile vishikizi vya pini ya pistoni ni vipya kila mara, usirudishe vya zamani. Krenkikesi haina gasketi, paka silanti nyembamba ya kazi hiyo, usijaze silikoni ya bomba. Hedi gasketi mpya, kaza kutoka katikati kwenda nje kwa awamu mbili.

Kabla urudishe kwenye mguu (sehemu ya chini inayoingia majini), ziba ekzosi na kipande cha mpira na bamba, shusha pistoni moja chini kabisa, weka hewa kupitia tundu la plagi kama psi 5 na pampu ya baiskeli, halafu paka maji ya sabuni kwenye sili na maungio. Ukiona povu, fungua tena. Rudia na ya pili.

Impela (ya pampu ya maji) mpya pia hata kama ilikuwa inakojoa. Usiiwashe kavu hata kidogo, weka mguu kwa pipa la maji. Plagi B7HS-10, milimita 1. Oili iwe ya TC-W3 ya injini za maji, si ya pawaso (msumeno wa injini). Saa 10 za kwanza mls 40 kwa kila lita ya petroli, baadaye 20, na hiyo saa ya kwanza mjomba asivuke nusu ya mkono wa mafuta na asikae kwa mwendo mmoja. Akitoa mkono na mlio usishuke mara moja, azime hapo hapo apige kasia arudi.