Jabali la Riyam hadi Mutrah: mama ataliweza?

Mgeni wa Mombasa
Assalamu alaykum. Desemba mimi na mama tutakuwa kwa mjomba, Ruwi, hapo Muscat, Oman, wiki mbili. Nasikia kuna njia ya miguu inayopita juu ya jabali kutoka Riyam mpaka Mutrah. Mama ana miaka 58, kutembea anaweza, ila goti la kulia humsumbua akiteremka ngazi. Mjomba anasema tupige picha chini tu, inatosha. Ataliweza?

Kijana wa Seeb
Ni fupi, kilomita mbili na kidogo. Mimi nilimaliza kwa dakika 50. Anzieni Mutrah, mkifika Riyam mpumzike bustanini.

Bibi wa Mutrah
Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nimezaliwa Unguja, Mutrah nina miaka 30, na njia hiyo naipita kila msimu wa baridi. Dakika 50 ni za kijana. Nyinyi wekeni saa mbili.

Na msianzie Mutrah. Anzieni Riyam, nyuma ya bustani yenye chetezo kikubwa cheupe. Ngazi za mawe zipo hapo hapo mwanzo, zinapanda wima. Mtahema, lakini umesema goti linamuuma akiteremka. Mkianzia Mutrah, ngazi hizo ndizo atakazoziteremka mwisho, tena amechoka.

Saa 1 asubuhi muwe mmeshaanza. Jabali ni jiwe tupu la rangi ya kahawa, kivuli hakuna, na jua likipanda jiwe lenyewe hutoa moto. Niliwahi kumpeleka dada yangu mwezi wa Mei, saa 3. Tulirudi nusu ya njia, kizunguzungu kimemshika, na kosa lilikuwa langu. Kila mtu abebe maji yake, lita moja na nusu, hata kama Desemba hakuna joto kali. Viatu viwe vya kufunga, maana changarawe inateleza.

Fuateni alama za rangi zilizopakwa mawe: njano, nyeupe, nyekundu. Zikipotea, rudini kwenye ya mwisho mliyoiona.

Juu kaeni. Bandari yote iko chini yenu, majahazi, nyumba nyeupe za ufukweni, na ngome ya Mreno. Mama atamkumbuka Mreno huyo, ndiye aliyeanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593.

Mkishuka mnaingia Wadi Khalfan, yaani bonde la mto mkavu, kwenye magofu ya nyumba za mawe. Kabla ya barabara ya pwani, watu walikuwa wakipita huku kwa miguu. Mimi hapo husimama nikawasomea Fatiha. Lakini mkiona wingu zito juu ya milima, siku hiyo msiende kabisa, maji ya wadi hushuka ghafla.

Mgeni wa Mombasa
Shukran sana bibi. Na huko wadini, goti je?

Bibi wa Mutrah
Kuna mawe ya kushuka, si haba. Mpe fimbo, ashuke upande upande, mguu wa kulia utangulie, nawe uwe mbele yake umpe bega. Mnatokea mitaa ya nyuma ya soko, na humo sokoni Kiswahili mtakisikia. Mwambie mjomba awasubiri huko na gari saa 3 na nusu.