Tupeane uzoefu: miti mliyopanda kanisani kwenu imefikia wapi?

Chepe na Biblia:
Wakuu, mbukwenyi. Leo baada ya mnada tumetangaziwa kwamba Jumapili ijayo kila familia ije na mche mmoja na dumu la maji. Nimecheka peke yangu kwenye benchi hadi mama watoto akanifinya. Hii ni mara ya nne. Tunapanda palepale upande wa choo cha wanaume, mashimo yaleyale. Mwaka jana sikuchimba hata, nilichomoa kijiti kikavu nikachomeka mche mpya. Dodoma tunaijua: mvua zinaanza Desemba, Aprili zimekata, baada ya hapo ni jua tu. Kwenu ilikuwaje?

Mama Wawili wa Bahi:
Yetu ililiwa na mbuzi wa mwinjilisti. Sisemi zaidi.

Kizota Juu:
Hapo kwenye mbuzi umenena.

Binti Kongwa:
Sisi tulipanda Juni kwa sababu ndiyo siku mgeni rasmi alipata nafasi. Juni, Kongwa! Mgeni akapigwa picha, akamwagia mche maji ya chupa, akapanda gari. Zamu ya kumwagilia wakaachiwa akina mama. Maji tunanunua kwa dumu, nyumbani watoto hawajaoga, mimi niko kanisani nanywesha mwarobaini. Agosti nikaacha. Nikaitwa mbele ya wazee wa kanisa kujieleza. Nikawauliza, zamu ya akina baba ni lini? Kikao kikafungwa kwa sala.

Kizota Juu:
😂😂 Kikafungwa kwa sala!

Kisiki cha Mpwapwa:
Ndugu zangu, acheni kupanda. Nasema kwa upendo. Ardhi yetu hii ina visiki chini ambavyo mizizi yake bado hai, kila mwaka vinachipua na kila mwaka tunavifyeka tukiita vichaka. Chagua kisiki, acha machipukizi matatu au manne yaliyonyooka, mengine pogoa, funga kitambaa ili watu wajue kina mwenyewe. Maji hayahitajiki, mizizi imeshafika chini. Hii kampeni ya Kisiki Hai imeanza kwetu mwaka 2018, na kule Niger Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alianza njia hiihii tangu 1983. Shambani kwangu sijanunua mche hata mmoja.

Chepe na Biblia:
Sasa mkuu, kwenye kisiki mgeni rasmi atapigwa picha akifanya nini?

Sauti ya Tatu:
Nimesoma hapa nikashindwa kunyamaza. Kijiji sitaji, wa kwetu watanijua.

Kwaya yetu haikuwa na kinanda. Tulienda mashindano na ngoma na kayamba, tukarudi wa mwisho. Nyuma ya kanisa kuna mteremko, ardhi ya kanisa, ulikuwa na migunga imefungamana, mbuzi akiingia unamtafuta kwa sauti. Mwenyekiti wa kwaya akasema, Mungu ametupa kinanda, kimesimama pale nyuma. Tukapiga makofi. Tulikata wiki tatu. Mimi ndiye niliyelala kwenye tanuri kulinda moto usitoboe. Mkaa ukauzwa barabarani, kinanda kikaja, kikaombewa. Nilifurahi, sidanganyi.

Masika ya kwanza maji yaliacha mfereji wa kuruka. Ya pili tukaweka gogo la kuvukia. Ya tatu tukaacha kuuita mfereji, likawa korongo. Makaburi yetu yako chini ya ule mteremko. Mama yangu alikuwa mstari wa mwisho.

Januari hiyo ilinyesha kuanzia saa tatu usiku hadi karibu na alfajiri. Kukipambazuka mzee mmoja akaja kunigongea, akasema tu, "Vaa viatu vya mpira." Msalaba tuliukuta mbali huko chini, umekwama mchangani. Kaburi lilikuwa nusu. Upande wa miguu uko hewani, na ubao wa jeneza unaonekana, ubao nilioupigilia misumari kwa mkono wangu. Tulimzika mara ya pili siku ileile, juu karibu na mlango wa kanisa, watu kumi na mmoja. Mwenyekiti wa kwaya alikuja na kinanda na betri. Nikamwambia akirudishe.

Mama Wawili wa Bahi:
Pole sana kaka. Nimeacha kupika nimekaa.

Binti Kongwa:
Yesu wangu.

Mwana Haneti:
Pole mkuu. Ila tusidanganyane, makorongo chanzo chake ni ng'ombe, mkaa unasingiziwa.

Kisiki cha Mpwapwa:
Mtu kaeleza kaburi la mama yake wewe unaleta ng'ombe?

Mwana Haneti:
Nimesema pole kwanza. Kondoa ule mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) wa 1973 ulipoona ardhi imekwisha, mwaka 1979 ng'ombe wote wakatolewa eneo la mmomonyoko, na majani yakarudi. Babu yangu alitoa zake, alilia kama msiba.

Gunia la Chemba:
Mfugaji leo, kesho sisi wa mkaa. Nimesomesha watoto watatu kwa tanuri. Mnaonihubiria gesi, mtungi ukiisha katikati ya mwezi mnakuja kwangu usiku na ndoo, mkifunika na khanga. Na kwenye semina za kanisa watu mia tatu wanapikiwa na kuni, wakati serikali ilishasema wanaolisha zaidi ya mia moja kwa siku waache. Huko mbona hamsemi?

Binti Kongwa:
Hapo kwenye jiko la semina hajakosea. Niko jikoni kila mwaka, macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi.

Kizota Juu:
Sauti ya Tatu, korongo panda mkonge ukingoni. Unashika udongo.

Mama Wawili wa Bahi:
Mkonge peke yake maji yataung'oa. Panga mawe ndani ya korongo kwa ngazi ngazi, na huko juu mchimbe makinga maji ya nusu mwezi, midomo itazame mlimani. Ukianzia chini unafanya kazi ya bure.

Mwana Haneti:
Au hamisheni makaburi.

Kisiki cha Mpwapwa:
Haneti pumzika.

Chepe na Biblia:
Sauti ya Tatu, samahani kuuliza. Kinanda bado mnakipiga?

Sauti ya Tatu:
Kipo. Vibonyezo viwili havitoi sauti. Nilirudi kwaya mwaka juzi, nikaomba mteremko uwe chini yangu. Visiki vya migunga vimechipua, nimefunga vitambaa arobaini na kitu. Wengine wamefungua vitambaa wakafungia kuku.

Gunia la Chemba:
Kaka, nitumie ujumbe pembeni. Nina wavulana wawili wanajua kupanga mawe. Chakula tu.

Mgeni wa Nala:
Wakuu habari za leo, sijasoma yote. Miche ya mwarobaini kwa hapa mjini inapatikana wapi? Tunapanda kanisani Jumamosi.