Mjadala: Asilimia 10 ya mvua itoshe kutolea vibali vya visima Unguja?

Hoja: Mwambao wa mashariki, kuanzia Kiwengwa hadi Makunduchi, hoteli zinataka visima zaidi na wanavijiji wanaogopa vyao kuingia chumvi. Pendekezo ni kuhesabu asilimia 10 ya mvua ya mwaka kuwa ndiyo maji yanayoingia ardhini, na vibali vyote visipindukie hapo. Karibuni.

Bi Mizani: Naunga mkono. Unguja hupata wastani wa milimita 1,600 hivi kwa mwaka. Asilimia 10 ni milimita 160, yaani mita za ujazo 1,600 kwa kila hekta. Hesabu hiyo karani yeyote ataiweza. Pasipokuwa na namba, mwenye fedha huchimba, na jirani yake akaja akachimba zaidi.

Maalim Miamba: Bi Mizani, nia yako njema, lakini wastani huo haufai hata kwenye granaiti ya bara. Visima vya Makutupora vinavyoinywesha Dodoma vina kumbukumbu za kina cha maji tangu miaka ya 1950. Maji hayaongezeki kidogo kidogo kila mwaka: miaka mingi hupita yakishuka tu, kisha ikaja mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, ikayainua kwa mkupuo.

Tena kuna aina ya mwamba. Granaiti hushika maji kwenye nyufa, na kinachotoka kwa kuvuta huwa kama asilimia 1 ya ujazo wake, pengine chini ya hapo. Maji yakipanda mita 1 kisimani, zidisha kwa 0.01: ni milimita 10 tu za mvua iliyoingia. Mawe ya matumbawe ya uwandani, yaani ardhi ya mawe ya huku mashariki, yanaweza kuachia asilimia 15, kwa hiyo sentimita 10 tu za kupanda ni milimita 15. Anayechukua asilimia ya mwamba mmoja akaipeleka kwenye mwingine hukosea mara kumi na zaidi.

Fundi Pampu: Na hizo sentimita 10 zenyewe si rahisi kuzipata. Maji ya kisima cha uwandani hupanda na kushuka na bahari. Ukiteremsha utepe saa nne asubuhi siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, ukarudi saa nne siku ya maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, tofauti unayoiandika ni ya bahari, si ya mvua. Zima pampu, subiri maji yatulie, pima kila saa kwa saa 25 mfululizo ndipo utafute wastani. Fanya hivyo kabla ya masika na tena mvua inapoisha. Hata hapo utapata pungufu, maana mapango na mifereji ya mawe hupeleka maji pwani upesi, mengine yameshatoka kabla hujapima.

Bi Mizani: Basi tutumie kloraidi, ile sehemu ya chumvi inayopimwa majini. Chumvi ya mvua haipotei mmea unapokunywa, hubaki ikikolea. Mvua ikiwa na miligramu 8 kwa lita na kisima 80, kilichoingia ni sehemu moja ya kumi. Namba yangu ileile.

Maalim Miamba: Njia hiyo naipenda kuliko zote, ila hapa ina mtego. Maji ya bahari yana miligramu kama 19,000 za kloraidi kwa lita. Asilimia 1 tu ikijipenyeza, kile kisima cha 80 kinasoma karibu 270, na hesabu yako inashuka kutoka milimita 160 hadi 48. Mvua haijabadilika hata tone! Karo la choo jirani nalo huongeza chumvi. Upande wa mashariki upepo wa kusi huleta rasharasha za bahari, kwa hiyo chombo cha kukingia kikae wazi mwaka mzima, kishike na vumbi la chumvi, si mvua pekee. Sampuli ya kisima itoke katikati ya kisiwa, mbali na makaro.

Fundi Pampu: Mimi hata namba ikiwa sahihi sikubali igawiwe yote. Maji baridi yameelea juu ya ya chumvi: kila sentimita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari huzuia kama sentimita 40 za chumvi chini yake. Ukishusha maji sentimita 10 yakabaki hapo, chumvi hatimaye hupanda mita 4. Lazima fungu lingine lishuke baharini, ndilo linaloisukuma chumvi. Na uvutaji wenyewe una lake. Pampu ya mita za ujazo 10 kwa saa ikifanya kazi saa 3, na ya 1.5 ikifanya kazi saa 20, zote hutoa 30 kwa siku. Ya kwanza huvuta chumvi kutoka chini, hasa kisima kikiwa kirefu. Ya pili huteka maji ya juu polepole.

Bi Mizani: Hapo nimekuelewa, ndugu yangu. Naiacha asilimia 10 ya kisiwa kizima. Lakini sikubali vibali vikae bila kikomo mpaka vipimo vitimie, kwa sababu visima vitachimbwa huku tukisubiri. Naomba kibali kiandike kasi ya pampu na kina cha kisima, na kloraidi ikipita miligramu 250 kwa lita, pale ladha ya chumvi inapoanza kusikika, pampu ipunguzwe siku hiyohiyo.

Maalim Miamba: Mia mbili na hamsini ni kuchelewa. Kisima kilichoanza na 80 kikifika 150 tayari bahari imeingia. Kikomo kiwekwe kwa kila kisima, kutokana na kipimo chake cha kwanza kabla pampu haijawashwa.